Naamani, Gehazi na Bahasha ya Mheshimiwa

Tarehe 18 Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitoa taarifa ambayo wengi hawakuitarajia: kanisa lilikuwa linarudisha pesa. Siku moja kabla, Jumapili, Rais William Ruto alikuwa amesali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, akatoa milioni 2 za kujenga nyumba ya padri, kisha akaahidi milioni 3 nyingine na basi juu yake. Kufikia Jumatatu mambo yote yalikuwa yamegeuka. Zilizotolewa zirudi kwa mwenyewe, na zilizoahidiwa zisije.

Makomredi, nadhani mnakumbuka kelele zilizofuata. Pale mesini kulikuwa na meza ya waliosema askofu ameshujaa, na meza ya waliosema amewanyima maskini wa Soweto nyumba na basi kwa sababu ya siasa zake. Mimi huongoza kikundi cha Biblia siku za Jumatano, na kundi letu nalo liligawanyika vivyo hivyo. Tukakubaliana tuache kwanza kutupiana maneno, tufungue Maandiko. Ninayoandika hapa ni matunda ya Jumatano kadhaa za kusoma, pamoja na maoni yangu mwenyewe, ambayo si lazima myakubali.

Kwanza tukumbushane mazingira. Juni 2024 vijana wa nchi hii, wengi wao wa umri wetu, waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Katika wiki zile hasira haikuishia kwa wabunge. Iliingia makanisani pia. Vijana waliuliza kwa nini mtu anayepitisha ushuru mzito Jumanne anapewa maikrofoni madhabahuni Jumapili, tena kwa heshima zote. Tarehe 5 Julai Rais mwenyewe akatangaza kwamba maofisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Kwa hivyo ile bahasha ya Soweto, miezi minne baadaye, ilikuwa inakwenda kinyume cha neno la aliyeitoa. Askofu Mkuu alilitaja jambo hilo katika taarifa yake. Na siku chache kabla, tarehe 14 Novemba, maaskofu Katoliki walikuwa wameikosoa serikali vikali kuhusu uongo, ushuru na utekaji wa watu. Hebu fikiria: Alhamisi unamkosoa mtu, Jumapili unapokea milioni zake. Alhamisi inayofuata utasema nini?

Harambee yenyewe si dhambi, tusikosee. Mzee Jomo Kenyatta aliifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na neno lenyewe liko kwenye nembo ya nchi. Shule ambazo wazazi wetu walisomea zilijengwa kwa kuku, mayai na magunia ya mahindi yaliyopigwa mnada mbele ya kanisa. Kila mtu alileta alichonacho. Kilichobadilika ni kwamba pole pole mnada wa kuku ukawa jukwaa la mgeni wa heshima. Yeye huja na msafara, hutangaza kiasi chake na cha marafiki zake, na wanakijiji wengine hubaki kupiga makofi. Kufikia 2003 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba sheria ya maadili ya maofisa wa umma iliyopitishwa mwaka huo ilibidi iwawekee mipaka katika mambo ya harambee. Mbunge wetu hupata mshahara wa zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya kodi, mbali na marupurupu. Ni pesa nyingi. Lakini piga hesabu ya yule anayetoa milioni moja hapa, laki tano kule, kila wikendi, mwaka mzima, halafu uniambie kama hesabu yako imefunga.

Haya, Biblia.

Tulianza na 2 Wafalme 5, sura ambayo wengi tunaijua tangu Shule ya Jumapili kama habari ya mkoma aliyejichovya mtoni mara saba. Ukiisoma ukiwa mtu mzima utaona kwamba sehemu kubwa yake inahusu pesa. Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, anakuja Israeli na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Talanta moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo tunaongea juu ya mzigo wa msafara, si pochi ya mtu. Anakuja pia na barua ya mfalme wake. Hii ni ziara ya kiserikali. Anapona, anamrudia Elisha, anamwomba apokee zawadi. Elisha anakataa. Naamani anamshikilia, na Elisha anakataa tena.

Kwa nini? Andiko halitoi sababu moja kwa moja, na hapa kikundi kilitumia saa nzima. Jibu la kawaida ni kwamba neema haiuzwi, na ni jibu zuri. Naamani angerudi Dameski akijua amelipia uponyaji kama anavyolipia farasi. Lakini dada mmoja wa mwaka wa pili alituonyesha mstari wa 2 ambao wote tulikuwa tumeupita mbio. Aliyemwambia mke wa Naamani habari za nabii ni kijakazi, msichana mdogo wa Kiisraeli aliyetekwa na vikosi vya Shamu. Jina lake halikuandikwa. Basi, akauliza yule dada, hii fedha ya Naamani imetoka wapi? Jemadari wa jeshi linalovamia vijiji vya mpakani hutajirika kwa njia gani? Tukanyamaza. Sisemi kwamba Elisha alikuwa na hoja hiyo kichwani. Nasema kwamba mwandishi wa kitabu ametuwekea mtoto aliyeporwa mwanzoni mwa sura na fedha nyingi katikati yake, na msomaji makini ataviona vyote viwili. Kuna zawadi ambazo ni mali yako mwenyewe inayorudishwa kwako kidogo kidogo, na wewe unatakiwa useme asante.

Sasa Gehazi. Watu humchukulia kama mwizi wa kawaida, lakini angalieni maneno aliyotumia kumwomba Naamani. Hakusema anataka pesa zake binafsi. Alisema wamefika vijana wawili, wana wa manabii, kutoka nchi ya milima ya Efraimu, na kwamba bwana wake anawaombea talanta moja na mavazi mawili. Kumbe! Alisema ni kwa ajili ya huduma ya vijana. Ni kwa wanafunzi wa Biblia wanaohitaji nguo. Nani angekataa kuchangia? Naamani akamwongeza ikawa mbili. Gehazi akafika kilimani, akawapokonya watumishi mizigo, akaificha nyumbani na kuwaaga wale watu ili asionekane nao. Ukiacha ukoma uliomshika mwishoni, hii habari ungeweza kuisoma gazetini kesho.

Somo nililolipata hapo ni dogo ila linauma. Jina la vijana linaweza kuombewa pesa bila vijana wenyewe kujua. Tangu nilipolisoma hivyo, kila nikisikia mwanasiasa au mchungaji akisema jambo fulani ni la kuinua vijana wetu, nauliza: vijana gani, na nani amewauliza?

Jumatano iliyofuata tulienda Mwanzo 14. Abramu amewakomboa mateka akiwa na watu wake 318, na mfalme wa Sodoma anamwambia achukue mali, arudishe watu. Abramu anakataa hata uzi. Sababu anaitaja waziwazi: asije yule mfalme akajisifu kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha Abramu. Ndugu zangu, hiyo ni hoja ya kisiasa kabisa. Abramu anajua kwamba zawadi ya mfalme huja na hotuba. Anaona mbele, siku ambayo Sodoma itapanda jukwaani na kusema, huyu mnamwona hivi, mimi ndiye niliyemtoa.

Ila kinachonifanya nimpende Abramu hapa ni kwamba hakuwa mgeni wa zawadi za wafalme. Rudini nyuma sura mbili tu. Kule Misri, Mwanzo 12, alimwita mkewe dada yake, Farao akamchukua Sara, na kwa ajili yake Abramu akapokea kondoo, ng'ombe, punda, ngamia, watumwa na wajakazi. Alipokea vyote bila kufungua kinywa. Na katika sura ya 13 ni wingi wa mifugo unaowagombanisha wachungaji wake na wa Lutu hadi ndugu wanatengana, na kutengana huko ndiko kunakompeleka Lutu Sodoma, ambako vita vya sura ya 14 vinamkuta. Kwa hiyo mtu anayesema hapana kwa mfalme wa Sodoma ni mtu aliyewahi kusema ndiyo kwa Farao na akaona bili yake. Wala hakuwalazimisha wengine. Aneri, Eshkoli na Mamre, washirika wake, aliwaacha wachukue sehemu yao, na chakula walichokwisha kula vijana wake hakukidai. Sijaona mahali Biblia inapotuambia tuwatukane waliopokea.

Hapo kundi la pili lilikuwa limechoka kunyamaza, na haki yao. Kaka mmoja wa uhandisi alikuja na Ezra na Nehemia, na nakiri alitubana. Nehemia alimwomba mfalme Artashasta miti ya msituni kwa ajili ya malango na ukuta, akapewa. Katika Ezra 6, Dario anaamuru gharama za ujenzi wa hekalu zilipwe kutoka kodi ya mkoa wa ng'ambo ya Mto. Wafalme wale hawakuwa wateule, walikuwa wakoloni wa Kiajemi. Kama hekalu lenyewe lilijengwa kwa kodi ya mkoloni, aliuliza, sisi ni nani wa kukataa spika?

Ni swali zuri, na halijibiwi kwa kupaza sauti. Tulilisoma tena polepole. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba pesa ya Dario ina karatasi. Sura inaanza na watu kupekua nyaraka hadi amri ya Koreshi ikapatikana Akmetha, na amri mpya inataja chanzo cha fedha: kodi ya mkoa fulani, si mfuko wa mtu. Kila mtu kuanzia liwali hadi kuhani angeweza kujua imetoka wapi na inakwenda wapi. Hiyo ni bajeti. Ndiyo, Dario anaomba kitu: wamwombee yeye na wanawe. Lakini sala kwa mtawala ni jambo tunalotakiwa kulifanya hata asipotoa senti, na maombi hayo hayakumpa nafasi ya kuhutubia hekaluni. Jambo la pili ni Nehemia mwenyewe akishakuwa liwali. Sura ya 5 watu wanalia kwamba wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, wameweka rehani mashamba, na watoto wao wanaingia utumwani. (Someni sura hiyo, halafu msome taarifa yoyote ya Juni 2024.) Nehemia anakasirika, anawabana wakopeshaji warudishe mashamba, na kwa miaka 12 hali posho ya uliwali kwa sababu mzigo wa watu ni mzito. Hivi ndivyo mwanasiasa mcha Mungu anavyotoa katika Biblia. Anapunguza anachochukua. Hapiti na bahasha.

Kwa hiyo nilimjibu kaka yetu hivi: serikali ikitaka kusaidia parokia, chuo au zahanati ya kanisa, njia ipo. Bunge lipitishe, mkaguzi akague, na mchango uwe wa wananchi wote bila jina la mtu. Basari tunazopata kupitia hazina ya maeneo bunge ni kodi ya mama anayeuza sukuma wiki, lakini mara ngapi umeambiwa uandike barua ya kumshukuru mheshimiwa? Hapo ndipo Dario anatofautiana na tunachokiona sisi.

Andiko lililonisumbua zaidi, na ambalo hakuna aliyelileta ila nililikuta mwenyewe, ni Luka 8:3. Miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao yuko Yoana, mke wa Kuza, msimamizi wa Herode. Ina maana shilingi ya ikulu ya Herode ilifika kwenye mfuko wa wanafunzi. Sitaki kulifunika. Lakini sura tano mbele, Luka 13, Yesu anaonywa kuhusu Herode naye anamwita mbweha, hadharani. Yoana alitoa na hakununua kimya. Alitoa akifuata, akitembea na wengine vumbini, si akipita na msafara kuelekea mkutano mwingine. Na wanawake hao ndio Luka anaowataja kaburini asubuhi ya ufufuo, Yoana akiwemo. Mheshimiwa ambaye atakuja kanisani kwa miaka mitatu, akakaa benchi la nyuma, akatoa fungu lake kwenye kapu kama watu wengine bila kutangazwa, mimi sina neno naye. Apokewe kama mwumini, maana ndivyo alivyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa yule mama wa Shunemu katika 2 Wafalme 4. Elisha aliyekataa talanta za Naamani alipokea kwake chumba, kitanda, meza, kiti na taa. Alipoulizwa kama anataka aombewe neno kwa mfalme au kwa jemadari, mama yule alisema yeye anakaa kati ya watu wake, basi. Hakuwa na faili ya kusukuma. Sidhani ni bahati kwamba sura hizi mbili zinafuatana.

Kuna aya moja ambayo wahubiri wetu huipenda sana wakati wa kupokea bahasha: Mithali 13:22, inayosema kwamba mali ya mwenye dhambi imewekewa mwenye haki. Nimeisikia ikitumiwa mara nyingi, na kila mara mhubiri huishia hapo. Nendeni mstari mmoja mbele, wa 23. Unasema shamba la maskini lingeweza kutoa chakula kingi, ila udhalimu hukifagia. Ukiisoma mistari miwili pamoja, mwenye haki anayestahili ile akiba anaanza kufanana na mkulima aliyedhulumiwa kuliko mchungaji anayejenga ukumbi. Na ukitaka kuona mali ya mwenye dhambi ikihama kweli, soma Zakayo katika Luka 19. Nusu kwa maskini, na aliowadhulumu mara nne. Yesu, aliyekuwa mgeni ndani ya nyumba, hapewi chochote zaidi ya chakula. Zakayo hakumnunulia punda mpya.

Mambo haya hayakuishia Soweto. Machi 2025 Rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana hadi huko, polisi wakatumia vitoa machozi. Mimi siungi mkono kuvuruga ibada ya watu, na nilisema hivyo wakati ule nikaitwa msaliti. Lakini naelewa kilichowapeleka. Wenzao walikuwa wamezikwa, ada imepanda, mkopo haujaingia, halafu wanaona milioni 20 zikitajwa kama salamu. Kwa upande mwingine, Kanisa la Kianglikana lilikuwa limelichukulia hatua mapema. Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena makanisani mwao, na wanasiasa wakubwa walikuwa wameketi pale pale wakisikia. Waje, wasali, wakae. Mimbari ni ya neno. Nadhani utaratibu huo ni mzuri kuliko kusubiri pesa zifike ndipo zirudishwe, maana kurudisha kunahitaji ujasiri wa askofu mkuu, na si kila kanisa lina mtu wa namna hiyo. Zile ndogo, zenye mchungaji mmoja na paa la mabati linalovuja, zinahitaji kanuni iliyoandikwa kabla ya mgeni kupiga simu.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Wengi mmeshasikia, kwa hiyo siwezi kujifanya halipo. Mheshimiwa mmoja, jina naliacha, ameahidi kuununulia umoja wetu wa wanafunzi Wakristo vyombo vipya vya muziki: spika, maikrofoni, kinanda. Anachoomba ni dakika tano za kuwasalimia wanafunzi katika ibada ya kuwaaga wa mwaka wa nne. Dakika tano za mwanasiasa mnazijua. Na uchaguzi wa 2027 mnaujua. Kamati imegawanyika katikati, na mkutano mkuu utapiga kura.

Naelewa wanaotaka tupokee, na sitawaita Gehazi. Spika tulizo nazo zinakoroma. Mshirika wetu anayeongoza sifa amewahi kuimba ibada nzima bila maikrofoni mbele ya watu 600, na siku iliyofuata hakuwa na sauti darasani. Kuna wanaosema huyu mheshimiwa ni Mkristo, ameokoka, aliwahi kuwa mshirika wa umoja huu akiwa mwanafunzi. Sawa. Kama ni hivyo, namba ya umoja ya kupokelea michango ni ile ile waliyo nayo wahitimu wote. Atume kama wanavyotuma wengine, mweka hazina aandike risiti, jina liingie kwenye orodha kati ya herufi iliyotangulia na inayofuata. Nilimwomba mmoja wa wanaomjua ampelekee wazo hili. Jibu lililorudi ni kwamba mheshimiwa angependa kukabidhi mwenyewe, na kwamba watakuja watu wa kamera. Mimi nadhani jibu hilo limetusaidia kusoma Mwanzo 14 kuliko ufafanuzi wowote wa vitabu.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonikera zaidi ya kamera. Tuna washirika waliokuwa barabarani Juni ile. Mmoja bado anatembea akichechemea. Huyu mheshimiwa alipiga kura gani siku ile bungeni, rekodi ipo na kila mtu anaweza kuitafuta. Je, tukishapokea spika zake, mshirika wetu akitaka kusimama katika ushuhuda na kusema yaliyompata, tutampa maikrofoni hiyo hiyo? Niliuliza swali hili kwenye kamati, na mtu mmoja akasema tutampa, bila shaka, ila labda asitaje majina. Ukianza kusema asitaje majina, ujue bei imeshajulikana.

Nitakachopendekeza mkutanoni nimekiandika tayari na katibu anacho. Mtu yeyote mwenye wadhifa wa kuchaguliwa, au anayetafuta, anakaribishwa katika ibada zetu kama mwumini, bila kutambulishwa na bila salamu. Mchango wake uende kwa njia ya kawaida, kiasi kisichozidi kile ambacho katiba ya umoja inaruhusu kwa mhitimu yeyote, na kisitangazwe. Kikizidi, kirudi, na barua ya kukirudisha isainiwe na mwenyekiti pamoja na mlezi wetu ili isionekane ni chuki ya mtu mmoja. Ninapendekeza pia kwamba hesabu za umoja zibandikwe ubaoni kila mwezi, maana hatuwezi kumdai mheshimiwa uwazi ambao sisi wenyewe hatuna. Wako watakaosema kanuni hii imemlenga mtu. Imechochewa na mtu, ni kweli, lakini itawahusu hata wale tunaowapenda, wakiwemo viongozi wa wanafunzi wanaogombea mwaka ujao na ambao tayari wameanza kutuletea soda.

Kuhusu spika zenyewe, fundi mmoja wa mjini amezitazama. Mbili zinatengenezeka, moja imekufa. Ametuambia bei ya kutengeneza, nasi tumeanza kuchanga: shilingi 50 kwa kila mshirika kila Ijumaa, na mwenye 20 alete 20. Kufikia Ijumaa iliyopita tulikuwa na 11,350. Maikrofoni mpya tutainunua kwanza.